Gari limegoma siku ya jicho la mama mkwe

Jumanne jioni, Nyankunde. Mvua imekatika, ila matope yamepanda mpaka kwenye milango ya gari. Naandika nikiwa ndani yake, uwanjani mwa hospitali. Nimechoka, lakini sina hasira tena. Asubuhi nilikuwa nayo ya kutosha.

Leo ilikuwa siku ya jicho la mama mkwe. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili, na daktari wa macho huja huku kwa siku chache tu, kisha anaondoka na hakuna anayejua atarudi lini. Tuliambiwa tufike asubuhi. Anayechelewa angoje safari nyingine. Kumpandisha pikipiki haiwezekani. Mtu asiyeliona shimo likija hawezi kujishika kwa wakati.

Kwa hiyo gari. Na gari lilikuwa limekufa.

Ni hybride, la mafuta na umeme pamoja, lilipita Uganda na Mahagi kabla ya kunifikia, usukani bado uko kulia. Nimejisifu nalo sana pale mtaani kwetu Ngezi, kwamba halinywi mafuta, linayanusa tu. Lina betri kubwa ya kusukuma magurudumu, na betri ndogo ya kawaida ambayo kazi yake ni kuiamsha mitambo. Ile ndogo ikilala, kubwa haina la kufanya hata ikiwa imejaa. Ni ghala limejaa mahindi na ufunguo umepotea. Nilibonyeza rimoti, kimya. Nikafungua mlango kwa kile kifunguo cha chuma kinachofichwa ndani ya rimoti, nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Hata taa moja haikuwaka.

Kwetu gari likigoma huombi msaada, watu wanakuja wenyewe. Jirani yangu Papa Dieudo alitoka na mswaki bado mdomoni, wengine wakamfuata. Nikawaeleza kwamba gari hili halisukumwi: bila umeme magurudumu yanabaki yamefungwa.

"Papa Gracia, gari yote inasukumwaka," Papa Dieudo akaniambia. "Ata ya Bazungu."

Nikaona nikizidi kukataa nitaitwa mwenye kiburi. Wakasukuma. Gari halikutikisika, ila miguu yao iliteleza kwenye matope na Papa Dieudo akaenda chini kwa magoti. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Walipokuwa wanapumua nikachungulia ndani vizuri. Kiti cha abiria kilikuwa kimelazwa. Sakafuni kulikuwa na maganda ya karanga. Basi nikaelewa: kuna mtu anayebonyeza kitufe bila kukanyaga breki. Hapo redio inaimba, injini haina habari, betri kubwa haina habari, na ile ndogo inanyonywa mpaka inakauka.

Watoto! Nilipiga kelele uwanja mzima ukasikia. Nani anachezea gari? Nani anataka nyanya yake abaki kipofu?

Mama mkwe alikuwa amekaa chini ya paa la jikoni, amevaa kitenge chake cha kanisani, uso ameuelekeza ukutani kama kawaida yake akinisikia. Akasema bila kugeuka:

"Mukwe, usigombeze batoto. Ni miye njo nilikuwa nakalaka mule."

Alikuja kwetu akikimbia vita vya Djugu, na tangu siku hiyo hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia moja kwa moja.

Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Ni heshima, na sijawahi kuiuliza maswali. Nilijua anakula jikoni. Nilidhani analala mapema.

Mke wangu akanivuta pembeni.

"Kama unaingia mu nyumba, mama anatokaka," alisema kwa sauti ya chini. "Ulizania anaendaka wapi na hii mvua?"

Jikoni panavuja tangu mvua zianze. Basi jioni, mimi nikishavua viatu na kujinyoosha kwenye kiti changu, yeye alikuwa anapapasa ukuta mpaka kwenye gari. Mke wangu ndiye aliyemfungulia kwa rimoti na kumwonyesha kitufe, ili apate redio, asikie habari za Djugu na nyimbo za kanisa. Mimi nikiingia kulala, ndipo anarudi ndani.

Nilikuwa ninamfukuza kwa kuingia tu nyumbani.

Iliniuma. Siwezi kuandika vingine.

Lakini daktari hangengoja majuto yangu. Hakukuwa na gari jingine karibu, ila pikipiki ya Papa Dieudo ilikuwepo. Kwa hybride betri ndogo haizungushi injini, inaamsha tu, hivyo hata umeme wa pikipiki unatosha. Betri yenyewe iko nyuma, na mlango wa nyuma haufunguki bila umeme, lakini mbele, chini ya kapo, yaani boneti, kuna mahali pa kuunganishia penye kifuniko chekundu. Waya mwekundu wa kutoka betri ya pikipiki hapo, mweusi kwenye chuma cha injini. Nikakanyaga breki, nikabonyeza, taa zote mbele yangu zikawaka. Papa Dieudo ameshatangaza kwamba pikipiki yake imefufua gari. Nitaisikia hiyo mpaka Noeli.

Sikuzima gari njia nzima, hata kwenye kizuizi cha barabarani. Mama alikaa nyuma. Tulikuta watu bado wako kwenye mstari, na mchana wakamwita. Alitoka jicho moja limefungwa bandeji. Itatolewa kesho asubuhi.

Nimemwomba mke wangu amwambie mama kwamba tukirudi, sebule ni yake, mimi nitahamishia kiti changu barazani. Ndivyo inavyofanywa, ujumbe unapitia kwa binti. Akakataa.

"Yeye alikuambia mwenyewe. Na weye umuambie mwenyewe."

Amesema kweli. Neno lile la asubuhi lilimgharimu mama zaidi kuliko litakavyonigharimu langu.

Kwa hiyo kesho nitaenda wodini kwake mapema, kabla ya muuguzi, wakati jicho bado limefungwa na hawezi kuniona ninavyoona haya. Nitasimama mlangoni, sitaingia. Nitasema, "Mama, usikae tena mu gari. Ukae mu nyumba, miye nitakalaka inje."

Halafu nitaondoka haraka, maana baada ya hapo ataanza kuona.