Mama Yumo Kwenye Maji ya Papa

Jumamosi, 1 Agosti

Naahidi kuandika yote humu, hata yatakayonitia aibu. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema anayejidanganya kwenye shajara yake amekosa hata wa kumdanganya. Basi naanza.

Mama ni mzamiaji kwenye jumba la samaki. Kazi yake ni kusugua kioo cha tangi la papa, tena kwa ndani. Pamoja na papa wenyewe! Alianza mwezi wa tano, kwa majaribio ya miezi mitatu. Jumatatu ya tarehe kumi, meneja atamwambia kama anabaki au anaondoka. Mama halizungumzii sana jambo hilo, lakini nimeona amepiga pasi hata taulo.

Kesho nawapeleka wadogo zangu wakamwone akiwa kazini. Wazo ni langu. Chiriku ana miaka mitano. Tunamwita hivyo kwa sababu mdomo wake haujui likizo. Bonge ana mitatu na anapenda kila kinachoingia mdomoni. Mama amekubali, mradi tushikane mikono. Baba alipiga simu kutoka safarini, maana yeye huendesha lori, akasema alioa binadamu akajikuta na nguva, kwa hiyo tumsalimie shemeji zake wote wenye mapezi.

Jumapili, 2 Agosti

Tulikwenda. Ndani kuna giza la bluu na ubaridi, na watu wananong'ona kama wako maktaba. Kioo ni kirefu kuliko ukuta wa nyumba yetu. Bonge alikilamba kabla sijamwahi.

Papa ni watano. Mkubwa kuliko wote ana meno yaliyotoka nje hovyo, kama misumari iliyopigwa na mtu mwenye haraka. Lakini yeye mwenyewe hana haraka hata kidogo. Anapita, anageuka, anapita tena. Bibi wa maelezo alituambia papa hawa hulishwa vizuri na hawana haja na wazamiaji.

Mara Mama akashuka! Mtungi wa hewa mgongoni, brashi mkononi, na kamba nyekundu kutoka kiunoni kwenda juu. Chiriku alimtangazia kila mtu.

"Mama yangu yumo! Yule mwenye mapovu!"

Baba mmoja aliyembeba mwanawe begani akacheka. "Kumbe mama yako ni samaki?"

"Si samaki. Ni mfanyakazi!"

Watu walicheka sana. Nilijivuna mpaka nikaona haya.

Kisha yule mkubwa akapita katikati ya Mama na kioo. Polepole. Kwa muda kidogo hatukumwona Mama. Tuliona ubavu wa papa tu, mrefu, wa kijivu, na kamba nyekundu juu yake. Alipomaliza kupita, Mama alikuwa palepale, anasugua.

Lakini Chiriku alikuwa amenyamaza. Hakusema neno kwenye foleni ya choo. Hakusema neno njiani. Bonge alimpa nusu ya biskuti yake kwa hiari, jambo ambalo halijawahi kutokea, naye hakuipokea.

Jumanne, 4 Agosti

Jana asubuhi kiatu kimoja cha Mama cha kuogelea, kile kirefu cha mpira, kilipotea. Tulipekua nyumba nzima. Nilikikuta ndani ya ndoo ya nguo chafu, chini kabisa, kimefunikwa kwa shuka. Mama alichelewa dakika ishirini na meneja akaandika kwenye daftari lake. Mama anasema si kitu. Lakini aliosha kikombe kimoja mara mbili.

Chiriku hakukana. Aliniuliza tu, "Dada, na papa akisahau?"

"Akisahau nini?"

"Akisahau kwamba ameshiba."

Jumatano, 5 Agosti

Leo Chiriku alimshika Mama mguu mlangoni, akalia bila sauti. Ilibidi nimbandue kidole kimoja kimoja. Mama alitoka haraka bila kugeuka nyuma. Najua kwa nini hakugeuka.

Nimemchorea Chiriku tangi, papa, Mama na kamba. Akaweka kidole kwenye ncha ya juu ya kamba, pale nilipoishiwa karatasi. Nani anashika hapa? Nikamwambia ni mzee mmoja, hodari sana, kazi yake ni hiyo tu.

"Akipiga chafya?"

Nadhani inafaa amwone kwa macho yake.

Alhamisi, 6 Agosti

Leo ni ndefu. Lakini niliahidi yote.

Nilikwenda na wadogo zangu bila kumwambia Mama. Pembeni ya ukumbi wa papa kuna mlango mwembamba ulioandikwa WAFANYAKAZI TU. Nikabisha. Akafungua mzee mfupi mwenye mikono mikubwa. Ndiye, Mzee wa Kamba! Wote kazini humwita hivyo, hata Mama. Nilimwamkia, nikaomba atuonyeshe kamba.

"Binti, huku si kwa wageni," akasema, akaanza kufunga.

Nikaomba tena. Nilimwambia kwamba mdogo wangu hali chakula, haongei kama kawaida, na asubuhi anamzuia Mama asije kazini. Mzee akainama, akamtazama Chiriku.

"Ndiye huyu mficha viatu?"

Chiriku akatikisa kichwa kukubali. Mzee akacheka peke yake, akaita kijana wa ndoo za chakula cha papa amshikie kamba kidogo... hapana, nakosea. Lazima niandike sawasawa. Kamba hakuiachia mtu. Ilikuwa mkononi mwake wakati wote, hata alipofungua mlango. Ni ndefu, inamfuata. Alitupandisha ngazi, akatusimamisha nyuma ya mstari wa manjano.

Kwa juu hakutishi. Ni maji tu, harufu ya chumvi, ndoo za ngisi, na vivuli vinavyozunguka chini. Mzee alitueleza. Yeye akivuta mara moja, anauliza, uko salama? Mama akivuta mara moja, anajibu, niko salama. Akivuta mara mbili, nipandishe. Huulizana hivyo kila baada ya dakika chache, siku zote, miaka yote.

Akamruhusu Chiriku aweke kiganja kwenye kamba, nyuma ya mikono yake. Akavuta. Tukangoja. Nilisikia mashine ya maji ikinguruma, na Bonge akipumua.

Kamba ikavutika.

"Mama amesema!" Chiriku akaruka.

"Amesemaje?" Mzee akauliza.

"Amesema yupo!"

Na hapo mdomo ukafunguka kama bomba lililokuwa limeziba. Mzee, unachoka? Mzee, Mama akilala humo? Mzee, ukipiga chafya je?

"Chafya napiga kwa pua," akasema. "Kamba nashika kwa mikono. Havijawahi kugombana."

Tukiwa tunacheka, meneja akaingia. Mwanamke mtulivu, funguo nyingi kiunoni. Alimwona Chiriku na kiganja chake kwenye kamba. Alimwona Bonge, ambaye alikuwa ametia mkono kwenye ndoo ya ngisi. Hakupaza sauti. Aliuliza tu nani ametuleta huku.

Nilifungua mdomo. Mzee akanitangulia.

"Mimi. Niliwaita mwenyewe."

Nikafunga mdomo. Nikaufunga! Meneja aliniambia nenda na watoto, akamwambia Mzee wataongea. Nikaenda na watoto.

Ijumaa, 7 Agosti

Mzee wa Kamba ameambiwa akae nyumbani mpaka kikao cha Jumatatu. Kikao hichohicho cha Mama. Wataamua yote mawili pamoja.

Bila mshika kamba hakuna anayezamia, ndiyo sheria yao. Mama ameshinda akiosha brashi, na kioo kimeanza kupata ukijani. Wageni wameulizia. Jioni alisema haelewi mtu mwangalifu kama yule alipitiwa na nini hata akatuita.

Nilikuwa nafuta meza. Niliendelea kuifuta.

Chiriku amepona kabisa. Amekula sahani mbili. Amemfunga Bonge mkanda wa kanzu ya kuogea, amejificha nyuma ya mlango na kuvuta. "Uko salama?" Bonge akajibu anataka biskuti. Asubuhi Chiriku alimpa Mama viatu vyote viwili mwenyewe, akamwambia awahi. Mama alinitazama kwa furaha. Sikuweza kumtazama.

Jumapili, 9 Agosti

Nimesema. Mchana huu, tulipokuwa tunaanika nguo. Nilisema mimi ndiye niliyebisha hodi, niliomba mara mbili, na Mzee alikuwa amekataa.

Mama alikuwa na vibanio vya nguo mdomoni. Alivitoa kimoja kimoja.

"Mzee yule ana miaka kumi na tisa kwenye kamba ile," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nina miezi mitatu. Ukisema, kesho watajua ni mwanangu aliyepenya. Si yeye aliyeita."

"Ndiyo, Mama. Ndiyo maana nilinyamaza."

Alining'iniza shati la Baba, akalinyoosha mikono. Kisha akasema hanikatazi, wala hanitumi. Ila nikimwandikia meneja barua, niandike kwa mwandiko unaosomeka, na begi lake litakuwa hapo kwenye kiti kama kawaida.

Nimeandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na visingizio. Ya pili ilikuwa na machozi mengi mno, ikalowa. Chiriku alitaka kuchora papa chini ya jina langu. Nilimwambia barua ya kazini haichorwi. Amechora kwenye bahasha nilipokwenda kunywa maji. Papa wake ana meno mazuri, nimemwacha. Hii ndiyo ya tatu, nainakili ili nikumbuke nilichosema:

*Kwa Meneja. Shikamoo.*

*Mzee wa Kamba hakutuita. Alinikatalia, nikaomba tena, akamhurumia mdogo wangu aliyekuwa anaogopa. Mama alikuwa chini ya maji na hakujua lolote. Ulipouliza nilikuwa na jibu, nikalimeza. Naomba radhi kwa hilo kuliko kwa mlango.*

*Mdogo wangu haogopi tena. Sasa ndiye anayemhimiza Mama awahi kazini.*

*Nitashukuru ukimpa Mama jibu la barua hii leo Jumatatu, nitamngojea jioni mlangoni. Swali langu ni moja: kama ni lazima mtu azuiwe kuingia humo kwa kosa hili, na kamba inamhitaji Mzee, na kioo kinamhitaji Mama, je, inawezekana nizuiwe mimi?*