Kigoda Chenye Mguu Mfupi

Kaka yangu mpenzi,

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba kile kigoda chetu chenye mguu mmoja mfupi, kilichokuangusha hata ukavunjika jino, sasa ni sanaa. Kimewashiwa taa ya peke yake, na pembeni pameandikwa: Usiguse. Nilikigusa. Mlinzi alinikaripia kama mwizi wa kuku.

Baada ya tangazo hilo, hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ukiacha goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mama mwili wake hauna neno. Hayo mengine nitayafikia.

Kitindamimba wetu amefanya maonyesho yake mwenyewe, ukumbi mzima, hakuna msanii mwingine. Nilidhani ni picha za kutundika. Kumbe amejenga humo ndani kile chumba cha kushonea cha marehemu Baba, vilevile: cherehani, mkasi, na lile koti la mkono mmoja ambalo mteja wake hajalirudia mpaka leo. Ukutani inapita video ya mikono ya Baba ikitunga uzi sindanoni, ile aliyomchukua mwaka wake wa mwisho, imekuzwa hata kidole kimoja kinanishinda kimo. Naye mwenyewe hukaa kwenye cherehani kutwa, pini mdomoni kama Baba, anashona pindo, anafumua, anashona tena. Sharti lake ni kutosema na mtu yeyote. Bwana mmoja mwenye miwani alikuwa akimweleza mkewe kuwa pindo lile ni wakati. Mimi niliona ni pindo, tena limekwenda upande.

Sasa Mama. Unajua kumbukumbu inamtoka; hujui imefika wapi. Kila jioni alikuwa akiuliza mbona fundi, yaani Baba, hajarudi. Tulikubaliana tusimdanganye, basi kila jioni tulimwambia, na kila jioni alifiwa upya. Kilio kilikuwa kilekile cha siku ya kwanza. Kukicha amesahau, sisi ndio tunabaki na msiba.

Jumapili nikampeleka akamwone bintiye. Aliipita ile kamba ya kuzuia watu kana kwamba ni ya kuanikia nguo, akakikalia kigoda wala hakikumyumbisha, maana anajua upande wa kuegemea. Kisha akamtazama Kitindamimba, asimtambue. Alimdhania mwanafunzi wa Baba, akamvaa palepale: hilo ni pindo au msafara wa siafu, na fundi akirudi atamwambia nini? Watu wakaangua kicheko, wakapiga makofi. Yule wa miwani akasema huyu bibi anaigiza vizuri kuliko msanii mwenyewe. Mlinzi akaanza kuja. Nikamshika mkono, nikamwambia amwache, ndiye mwenye chumba.

Halafu Mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi, fundi mwenyewe amekwenda wapi. Nilijua jibu, na nilijua kilio kinachofuata, mbele ya watu wote wale. Kitindamimba akazitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akalivunja sharti lake. Akamwambia fundi ametoka kununua uzi, anarudi sasa hivi. Mama akasema haya, atamngoja. Akakunja mikono, akatabasamu. Kaka, tabasamu lile sijaliona tangu tuzike.

Ndilo ninalokuficha kwenye simu. Tangu siku ile nampeleka kila asubuhi, anakaa mpaka wafunge. Jioni haulizi tena. Anasema fundi kabanwa na kazi, atamkuta kesho. Anakula, analala. Tumekuwa waongo, mimi na mdogo wetu, na nyumba imetulia. Ukitaka kutugombeza, njoo utugombeze ana kwa ana, lakini kwanza ukae naye humo hata asubuhi moja. Huenda akakudhania mteja. Wewe itikia tu, usilie, na ukiweza, mwulizie hilo koti litakuwa tayari lini.

Nisalimie Shemeji, na watoto uwape mabusu ya baba yao mdogo. Kitindamimba anakusalimu kwa ishara. Mama anakusalimu, yaani, angekusalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Mzee wa Goti

Nimesahau: maonyesho yanafungwa Jumamosi. Kuanzia Jumatatu ukumbi umekodiwa na wauza vigae.