Swali la Mama Rehema kuhusu kinu cha nyuklia

Jumanne

Mwenyekiti hataki niliandike lile swali kwenye muhtasari wa kikao.

Mgeni wetu kwenye kikao cha wafanyabiashara wa Kariakoo, mtu wa kampuni inayouza vinu, alieleza vizuri: kinu kidogo cha nyuklia, ukubwa wa kontena, kinaletwa na lori na kinawasha soko zima miaka kadhaa bila kuongezewa mafuta yake ya urani. Umeme ukikatika, majokofu hayazimi. Nilivutiwa kweli.

Ndipo Mama Rehema, muuza samaki wa kugandisha, akauliza, "Mafuta hayo yakishatumika, mabaki yanakaa wapi? Hapa kwangu?"

"Mama, wewe uza samaki," mgeni akasema. Watu wakacheka.

"Si ndiyo nauza? Ndiyo maana nauliza."

Mgeni akageukia swali la mtu mwingine. Baadaye Mwenyekiti akaniambia, "Binti, hilo usiliweke kwenye muhtasari. Litawatisha wenzetu."

Bado niko kwenye majaribio ya kazi hii ya ukatibu. Akitaka niondoke, nitaondoka. Lakini muhtasari ukisainiwa bila swali, nani atadaiwa jibu?

Nimeliandika, pamoja na jina la Mama. Kesho nitampa Mwenyekiti shikamoo yake, kisha karatasi. Akitaka lifutwe, alikate kwa kalamu yake mwenyewe na aweke saini pembeni. Mimi silifuti.