Mama Pole na Picha ya Kakule

Ijumaa. Mvua imeanza saa mbili asubuhi, na mpaka sasa, saa tisa, bado inagonga mabati ya nyumba yetu hapa Kimemi. Simu ina chaji na mtandao unapita vizuri. Sina kisingizio cha kutoandika.

Ndugu yangu Kakule hajaonekana tangu Jumatatu.

Alikuwa upande wa Beni, akivuna kakao katika shamba la mjomba. Waasi waliingia kijijini asubuhi hiyo, watu wakakimbia kila mmoja njia yake. Mjomba alifika Beni mjini kwa miguu jioni ile. Kakule hakufika, na simu yake haiiti.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza: mimi hutengeneza video. Ndani yake navaa wigi la rangi ya dhahabu na miwani mikubwa, najiita Mama Pole. Mama Pole huzunguka kwenye vilio, misiba ya watu, akiwa na simu yake mkononi. Anamkumbatia mjane, halafu anamgeuza uso ili kamera imwone vizuri. Anaomba laiki kwa ajili ya marehemu. Akianza kulia, anakatisha machozi na kusema: "Mungojee kidogo, nitafute mwanga."

Nilimtunga kwa hasira. Nilichoka kuona watu wa hapa wakirusha picha za maiti ya jirani kabla familia haijapata habari. Video zake zilionyeshwa kwenye shuka jeupe katika ukumbi wa parokia, watu wakacheka mpaka wakajifuta macho. Nami nikarudi nyumbani nikijiona nimesema jambo.

Sasa nikiri. Katika video ya tatu nilihitaji picha ya marehemu, nikamwomba Kakule. Alivaa shati lake la bluu la misa, akakaza uso, nikampiga picha na kuizungushia maua ya plastiki na mshumaa. Alicheka siku nzima. Video ile ilitembea kuliko zote. Hata wauza samaki wa Kyavinyonge, kule ziwani, walikuwa nayo.

Na ndiyo picha pekee niliyo nayo inayoonyesha uso wake vizuri. Jumanne niliondoa maua na mshumaa, nikabakiza uso. Nikajirekodi bila wigi, bila miwani. Nikasema jina lake, mahali alipopotea, na kwamba mwenye habari aniandikie, nikaituma video hiyo pamoja na picha.

Wakacheka.

"Leo Mama Pole amevua nywele." "Marehemu amekufa mara ya pili." Niliwajibu mmoja mmoja kwamba ni kweli. Kila jibu lilileta vicheko vingine, kwa sababu Mama Pole naye huapa kwamba ni kweli.

Jumatano nilipanda pikipiki mpaka Beni. Hospitalini Kakule hakuwemo, wala kwenye chumba cha maiti. Nje ya geti nilimwonyesha picha mama mmoja muuza ndizi, ambaye naye alikimbia kijiji kilekile. Alitabasamu kabla sijamaliza kueleza.

"Huyu njo marehemu wa Mama Pole. Nilimuona mu telefone ya mutoto wangu."

"Mama, ni ndugu yangu wa kweli. Amepotea."

"Unajua kucheza sinema, dada."

Nilikaa palepale kwenye matope nikalia. Mwanamume aliyekuwa akinunua ndizi akatoa simu yake akanirekodi.

Jana majirani walituletea kuni za moto wa kilio. Mama yangu aliwashukuru, kisha akawaomba wazirudishe, maana mwili haujaonekana na yeye hawezi kuanza kumlilia mtoto wake. Tangu hapo anakaa mlangoni, kitenge begani, anaangalia barabara.

Leo mchana aliniita. Mama hana simu ya mtandao. Huyo Mama Pole anamjua kwa vicheko vya majirani tu.

"Kavira, vaa ile nywele."

"Mama, batu batacheka."

"Bacheke. Ule mwanamuke, batu banamusikiaka. Weye, hapana."

Nikalichukua wigi. Naona aibu, naogopa, na sijui la kufanya. Nimemdhihaki mwanamke anayelia mbele ya simu, na sasa mama yangu ananiomba niwe yeye kwa moyo wote. Nikikataa, na kumbe kuna mtu mmoja alimwona Kakule njiani? Nikikubali, nani atajua kwamba machozi haya ni yangu?

Wigi lilikuwa magotini pangu, linanuka vumbi. Nimelivaa. Mama amekuja kusimama nyuma ya simu, mikono kifuani, ananisubiri nianze. Kwenye kioo cha simu uso wangu hauonekani vizuri, kwa sababu ya giza la mvua hii.

"Mama, ungojee kidogo," nimemwambia, na nimesogeza kiti karibu na dirisha.