Kitundu chenye Kona Iliyokatwa

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepungua maumivu, na ile sauti yako bado inasikika hadi nyumba ya tatu. Mimi ni mzima, tena leo nimepitiliza: nimeimba, nimeruka, mpaka jirani wa chini akagonga dari. Kaa vizuri usome, maana nina habari.

Unakumbuka nilikuandikia juu ya mgogoro wa koo mbili zinazogombea kipande cha shamba kando ya mto. Ofisi yetu ya ramani imepima eneo lile miaka miwili. Jana saa nne asubuhi watu wa pande zote mbili walikuwa waje kutazama ramani ya zamani na mpya, ubavu kwa ubavu kwenye skrini mbili kubwa, wajionee kwamba hakuna jiwe la mpaka lililohamishwa. Walikwisha kusema kwamba wakionyeshwa moja moja hawatasaini makubaliano ya mpaka, kwa kuwa mtu anaweza kuchezea mstari katikati. Na wasiposaini, kazi yote ingepewa ofisi nyingine.

Fundi wa kompyuta, tunayemwita Fundi Haraka, alifika saa mbili. Skrini ya kwanza ilikuwa inafanya kazi vizuri kwa waya wa picha, ule wa HDMI. Kwa ya pili akaleta kigawanyo, kile kidude kinachopokea waya mmoja na kutoa mbili. Skrini zote zikawaka, tukapiga makofi. Kumbe zinaonyesha ramani ile ile! Ukifungua ya zamani, ni ya zamani huku na huku. Ukifungua mpya, mpya kotekote. Akang'oa kigawanyo, akachomeka waya wa skrini ya pili kwenye tundu la juu, karibu na la kipanya. Giza. Akajifuta jasho, akatangaza kwamba kompyuta imezeeka, haina tundu jingine la picha, itafutwe nyingine. Ilikuwa saa tatu na nusu, na watu wa upande mmoja walishaketi ukumbini wakitazama saa.

Shangazi, nilijua anakosea. Nyuma ya kompyuta ile, chini kabisa, kuna kitundu kirefu chenye kona moja iliyokatwa, kimezibwa na kifuniko cheusi cha plastiki, na nyuma ya skrini mpya kipo mwenzake. Kinaitwa DisplayPort, nacho kinatoa picha yake chenyewe bila kumuiga jirani. Hata waya wake nilijua ulipo: stoo, ndani ya boksi la skrini, kwenye mfuko ambao hakuna aliyeufungua. Lakini mkurugenzi wetu, tunayemwita Bwana Rula kwa jinsi alivyonyooka, alituonya tangu siku ya kwanza kwamba atakayegusa waya usiomhusu akatafute kazi kwingine. Na kazi hii, unajua mwenyewe, naihitaji.

Nikasema. Sijui sauti niliitoa wapi, labda nimeirithi kwako. Fundi Haraka akacheka na kuuliza tangu lini mimi nikajua mambo ya nyaya. Bwana Rula hakucheka. Aliniuliza kama nina hakika, nikamjibu kwamba ninayo, na nikikosea nitaondoka mwenyewe bila kusukumwa. Akasogea pembeni, akaniachia mashine.

Nilikwenda stoo mbio, nikarudi na waya, nikabandua kifuniko. Kona kwa kona, bila kulazimisha, ukaingia. Skrini ikawaka, ikaonyesha ramani ile ile! Fundi akakohoa. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha nikakumbuka kwamba kompyuta yenyewe haijaambiwa. Nikafungua mipangilio, nikachagua picha itandazwe badala ya kurudiwa. Kushoto ya zamani, kulia mpya, mto umepinda mahali pale pale, mawe yote sita yametulia. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Walizitazama saa nzima, wakibishana na kugonga kioo kwa vidole, kisha wakasaini. Wote.

Sasa nikuambie linalonikaba. Miezi kumi na moja nimekuandikia kwamba nachora ramani. Si kweli. Nilipofika, nafasi ya kuchora ilikuwa imejazwa siku mbili kabla. Iliyobaki ilikuwa ya ufagio na chai. Niliikubali kwa sababu nilishindwa kurudi, na wewe ulishalitangazia soko zima. Vitundu vile navijua kwa kuwa navipangusa vumbi kila asubuhi. Boksi nililipeleka stoo mimi, na vijitabu vya maelezo huvisoma kabla ya kuvitupa. Njia ya mwongo ni fupi, Shangazi, nami yangu imenichosha. Nisamehe.

Leo asubuhi Bwana Rula ameniita. Kuanzia Jumatatu nitaketi kwenye meza ile ile ya skrini mbili, nifundishwe kuchora, na ufagio nimkabidhi mwingine. Fundi Haraka amenipa mkono, akaniomba nimwonyeshe tena kile kitundu.

Kwa hiyo sokoni usikanushe neno. Wewe mwenyewe husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Basi limekuja.

Nisalimie wadogo zangu wote, na yule muuza vitunguu aliyesema sitafika popote. Yeye msomee barua hii mwanzo hadi mwisho, na pale kwenye ufagio usiparuke.

Ni mimi mwanao,
mchora ramani, kuanzia Jumatatu.