Kadi za Mishale Alizozifua Mwaitu

Nau, baba yangu mpendwa,

Leo nina hasira na wewe, na nitakueleza bila kukuficha, hata kama hupo tena wa kunijibu.

Unakumbuka kile kiwanja nyuma ya soko la Matuu, ulipokuwa ukilenga magunia yaliyojazwa maganda ya mahindi? Kila umbali ulikuwa na kadi yake, uliyoikata kwenye katoni ya sabuni: hatua ngapi, upepo unatoka wapi, mshale uinuliwe kiasi gani. Kazi yangu ilikuwa kurusha vumbi juu na kukutajia upepo. "Upepo unaenda upande wa Ndithini, nau!" Nawe ukaandika pembeni kwa biki: Upepo wa Nduku, usiuamini sana. Tulicheka mpaka wenzako wa kundi la mishale wakatunyamazisha.

Kwa habari ya kubeba kadi, ulikuwa mkali ajabu! Ziingie kwenye nailoni, nailoni ifungwe mkono wa kushoto kwa mpira wa tyubu, usome bila kuachilia upinde. Nyumbani zirudi kwenye mkebe wa mafuta, mchwa wasizifikie. "Kadi haikai mfukoni, Nduku. Jasho litaimaliza."

Sasa niambie, siku ile ulipoanguka kiwanjani, ulikuwa umeziweka mfukoni kwa nini? Nailoni ilipasuka, sawa. Kifua kilikuwa kinakubana, sawa. Si ungenipa mimi!

Maana baada ya mazishi mwaitu, mama yangu, alifua nguo zako zote, kama ilivyo desturi, ndugu zako wagawiwe zikiwa safi. Shati la kijani tulilorudi nalo kutoka hospitali lilipotoka kwenye karai, mfukoni mlikuwa na uji wa karatasi, wino wote umeondoka. Nikakimbilia mkebe. Mtupu. Ulikuwa umetoka na kadi zote. Nilitafuta hata herufi moja ya mkono wako, nau, nikakosa.

Mwaitu alisimama na povu mikononi. "Ni nini hicho? Nimeharibu kitu?"

Tangu uondoke, mwaitu halali usiku, na chakula hakigusi. Nikamwambia ni risiti kuukuu za dukani. Akashusha pumzi, akaendelea kusuuza.

Tangu siku hiyo naogopa kulia mbele yake, asije akaniuliza nalilia nini. Jana aliwaambia wageni kwamba mimi nina moyo mgumu, hata baba yangu sijamlilia. Niliwamiminia chai.

Lala salama, nau.

Mimi, kitinda mimba wako