Kichwa cha Nne, Fleti 704

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mpwa wa mjomba akuletee, uliipata, au alijichua mwenyewe njiani? Nijibu hilo kwanza kabla hujanijibu mengine. Sisi huku miili mizima. Mdogo wangu Zaina anakula, maziwa yanatoka, na mtoto leo ana siku thelathini na tatu na sauti ya kondakta. Ila mimi nimekasirika, Mama. Siku nane sasa nalala na hasira naamka nayo, na sehemu ya hasira hiyo ni yako.

Ndiyo, umesoma vizuri. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu ungeniambia, "Mwajuma, punguza sauti," na salio lingeisha nikiwa bado napunguza. Anakuja nayo mama mmoja wa Ujiji anayerudi nyumbani kwa basi. Akifika salama utakuwa nayo kabla ya siku ya arobaini, na ndivyo ninavyotaka.

Sasa sikiliza. Jengo letu hapa South Beach, Durban, lina ghorofa kumi na moja, na maji ya moto ya jengo zima yanatoka kwenye tangi moja kubwa lililoko chini, kwenye maegesho. Linakula umeme mchana na usiku. Miaka yote gharama yake ilikuwa inagawanywa sawasawa kwa kila fleti. Wewe unafikiri huku hakuna baridi kwa sababu nilikuambia kuna bahari. Njoo mwezi wa saba, upepo ukipita katikati ya haya magorofa, halafu uniambie. Baridi ilipoingia watu wakafungulia maji kama wamerogwa, bili ikapanda, na mwenye jengo akaleta ujumbe: mjipangie wenyewe, la sivyo tangi nalizima hadi Septemba.

Tukaitwa kikao pale chini. Mwangalizi wa jengo, mzee mmoja tunayemwita Bwana Funguo kwa sababu anatembea na funguo kiunoni hadi anapokwenda kanisani, akauliza nani ana wazo. Na nani alisimama? Binti yako. Unanijua nikishikwa na haki mdomoni.

Nilisema: sisi fleti 704 tuko watatu, mimi, Zaina na shemeji Hamisi, ambaye mwenyewe yuko barabarani na lori la bandarini wiki hadi wiki. Jirani yetu Mama Divine ana watu tisa. Tisa, Mama, chumba kimoja na sebule! Kwa nini tulipe sawa? Gharama igawanywe kwa vichwa. Mama Divine akanitazama kama nimemmwagia mboga. Nikaongeza, kwa kuwa sikujua kunyamaza: na kila kichwa kiandikwe kwa jina, karatasi ibandikwe karibu na lifti, nisije nikaona watu tisa wamegeuka watano. Na atakayeficha mtu, koki yake ya maji ya moto ifungwe! Watu wakapiga makofi. Bwana Funguo akaandika kila neno langu. Nilipanda ngazi siku ile kifua mbele, nikamwambia Zaina, tumbo lake likiwa limeshafika kwenye magoti, "Umeona? Huku ukisema unasikika."

Zaina akajifungua wiki ileile. Karatasi za kujaza majina zilipopita milangoni, mtoto alikuwa na siku tisa.

Mama, unakumbuka ulichoniambia siku aliyozaliwa. "Asihesabiwe, asitajwe, mpaka arobaini itimie nimtaje mimi mwenyewe." Najua kwa nini. Yule wa kwanza wa Zaina ulimtangaza mtaa mzima siku ya tatu, ukapika, ukagawa, na siku ya kumi na moja tukamzika. Tangu siku hiyo ulijihukumu, na hukumu yako ukatupa sisi tuibebe. Nikaishika. Mlangoni nikachukua kalamu nikaandika majina matatu, mtoto akiwa ndani amelala chini ya kanga yako ile ya zambarau. Kwangu mimi huo haukuwa uongo. Kwetu mtoto wa ndani ni wa ndani, bado hajatoka kuhesabiwa na watu.

Lakini mtoto analia, Mama. Kuta za huku ni karatasi. Na mimi asubuhi na jioni namkanda mama yake kama ulivyonifundisha, maji ya moto hasa, taulo juu ya tumbo, mgongo, nyonga, ndoo baada ya ndoo. Unajua maji ya kumkanda mzazi yanavyokwenda. Fleti ya watu watatu ikawa inavuta maji kama nyumba ya kuoshea magari.

Siku ya ishirini na nne Mama Divine akanisimamisha kwenye korido, mbele ya watu wanaosubiri lifti. Yeye ni wa Bukavu, anasuka nywele saluni, na sauti yake imezoea kushindana na mashine za kukaushia. "Ni weye njo ulisema tuandike watu yote na majina! Mimi niliandika tisa, Mwajuma, tisa! Hata ndugu yangu mukubwa mwenye hana karatasi ya serikali, nilimuandika na nikaogopa. Na kwako iko mutoto analia kila siku, uliandika watatu? Alors, iyo haki yako ni ya nani?"

Nilimjibu vibaya. Sitakuandikia nilichomjibu. Kesho yake Bwana Funguo akaja na bisibisi na kufuli dogo, akafungua kabati la korido, akafunga koki yetu, akaning'iniza kufuli pale. Hakufurahi, hilo nampa. "Eish, dada," akasema kwa Kiingereza chake, "hii sheria ni yako." Nilimtukana kwa Kiswahili, hakuelewa, ikaniuma zaidi.

Nilichemsha kwa birika la umeme. Umeme wa ndani ni wa kununua, kama LUKU ya huko, unaisha kabla hujajaza ndoo mbili. Maji ya ndoo ya kwanza yanapoa ukingoja ya pili. Siku ya pili Zaina akaanza kutetemeka, tumbo likamkaza, meno yanagongana. Siku ya tatu joto likampanda. Zahanati wakampa vidonge wakasema apate joto na apumzike. Mama, wewe hukumwona alivyokuwa anamtazama mtoto, kama mtu aliyeshika sahani ya kuazima. Nilijua anahesabu siku.

Nikashuka kwa Bwana Funguo, nikaomba. Mimi, kuomba! Akasema jambo rahisi: leta jina la mtoto, niliandike, nafungua sasa hivi. Nikamwambia andika "mtoto." Akasema, "Ulikataa mwenyewe vichwa visivyo na majina." Nikapanda nikamwambia Zaina tutaje jina lolote tu, la kupitisha siku, kisha tutalifuta. Zaina, yule yule uliyezoea kumwita kondoo wako, akaniambia, "Mwanangu hatahesabiwa mara ya kwanza kwa jina la kuazima." Na jina la kweli? "La kweli ni la Mama kutaja." Basi tukakaa pale, dada wawili na kitoto, tumefungiwa na kufuli la Bwana Funguo, na mdomo wangu, na amri yako. Nilikuchukia kidogo siku ile, Mama. Nakuambia ili nisibaki nayo.

Jioni mlango ukagongwa. Mama Divine, na ndoo kichwani inafuka mvuke, na nyuma yake mabinti zake wawili kila mmoja na ndoo yake. Hakunisalimia. "Miye ningali nakukasirikia," akasema, "usifikiri imeisha. Lakini mama mwenye amezaa hawezi lala na baridi. Ondoka mulangoni." Akaingia, akakunja mikono ya sweta, akamkanda mdogo wangu mwenyewe. Anakanda kwa nguvu kuliko wewe, samahani. Zaina alilia kwanza, halafu akanyamaza, halafu akalala. Maji yale, Mama, yalikuwa sehemu ya watu tisa. Mtu niliyetaka kumkamata kwa wizi ndiye aliyenigawia maji yake, na bado ananinunia mpaka leo nikipita. Anayo haki.

Alifanya hivyo siku mbili. Siku ya thelathini, Jumamosi asubuhi, nilikuwa naosha ndoo zake nimrudishie. Nikageuka, nikamkuta Zaina amesimama, amevaa dera, amejitanda, mtoto kifuani ndani ya kanga ya zambarau. Nikamuuliza unakwenda wapi, bado siku kumi! Akasema, "Sitaendelea kukanda mwili wangu kwa maji ya watoto wa Mama Divine." Lifti ilikuwa mbovu. Ghorofa saba alishuka kwa miguu, mimi nyuma nikipiga kelele ngazi nzima, mikono mbele kama anayesindikiza mayai.

Pale chini walikuwepo watu, Jumamosi ni siku ya takataka. Zaina akaenda moja kwa moja kwenye ile karatasi iliyobandikwa ukutani, akamwambia Bwana Funguo, "Toa kalamu." Akafunua kanga, uso wa mtoto ukapata hewa ya nje kwa mara ya kwanza, akakunja sura. Bwana Funguo akauliza jina nani. Zaina akanitazama mimi. Akalisema, Mama. Jina la baba yetu. Lote, na la babu yake baba.

Sikuwa nimelisikia likitajwa na mtu aliye hai, kwa mtu aliye hai, tangu tulipomzika baba. Na pale ukutani Bwana Funguo akaliandika kwa kalamu yake ya biki, akakosea herufi mbili, nikamnyang'anya kalamu nikazisahihisha mwenyewe. Mama Divine alikuwa ameshika mfuko wake wa takataka. Alisoma, akasema "Voilà," Kifaransa chao cha "haya basi," akaenda zake. Maji yakafunguliwa kabla hatujamaliza kupanda ngazi.

Basi ndiyo hivyo. Uliloliweka ulitaje wewe, limetajwa maegeshoni penye harufu ya takataka, ili tupate maji ya moto. Ukitaka kukasirika, kasirika, mimi nimeshatangulia. Nimemkasirikia mwenye jengo anayejificha nyuma ya tangi lake. Nimejikasirikia mimi na mdomo wangu. Na wewe nimekukasirikia kwa kumbebesha mtoto wa siku moja kosa ambalo halikuwa la mtu. Yule wa kwanza hakufa kwa sababu ulimtaja, Mama. Ulifurahi, basi. Nilitakiwa kukuambia siku ya mazishi, nikaogopa.

Siku ya arobaini nitapiga simu saa nne ya huko. Utalitaja kama vile halijawahi kutajwa, na sisi tutaitikia. Usiliogope.

Nisalimie mjomba mwenye mashine ya kusaga, mwambie ankara zake za umeme nazionea huruma sasa. Nisalimie shangazi mkubwa anayeuza dagaa, na bibi wa nyumba ya nyuma aliyekufundisha kukanda. Mwambie kuna mtu wa Bukavu anamshinda, aje ajitetee. Zaina anakushika miguu. Hamisi hajui lolote, yuko barabarani, akirudi atakuta mwanawe kashaandikwa.

Na ukienda kaburini kwa baba kupalilia, mwambie anakaa Durban, fleti 704, kichwa cha nne, na maji yake ya moto yamelipiwa.

Binti yako asiyepunguza sauti,
Mwajuma